Kaburi la Muda Kando ya Bahari

Mungu Baba, nakusifu kwa pumzi hii ambayo bado hujaichukua. Umenipa mke mvumilivu, umenipa macho yanayosoma Maandiko mpaka uzeeni, umenipa watoto, na baadhi yao umewaita kwa saa uliyoipanga mwenyewe. Ninayoyasimulia hapa yana uchungu. Naomba uchungu huo usiuhesabu kuwa ni kukosa shukrani.

Binti yetu wa tatu alikuwa sista. Aliondoka nyumbani Kawajense, hapa Mpanda, baada ya kumaliza kidato cha nne, nguo zake akazibeba kwenye begi lile lile la shule. Shirika lilimsomesha uuguzi, likapokea nadhiri zake, kisha likampeleka Italia, kwenye mji mdogo wa pwani ambako lina nyumba ya kutunza wazee. Nawashukuru masista wale. Mimi nilikuwa katekista wa parokia, mtu wa kupewa asante na debe la mpunga wakati wa mavuno, na peke yangu nisingeweza kumfikisha alikofika. Ila kwa miaka yote aliyokaa kule alikuja likizo mara mbili tu. Mara ya tatu tulikuwa tunamsubiri, mama yake ameshanunua jogoo, ndipo simu ikaja. Mkuu wa nyumba yao alisema kwa Kiswahili cha kubabaisha kwamba sista alikuwa ameugua kwa muda mfupi, amefariki, na tayari ameshazikwa kwa heshima zote.

Mke wangu alichukua simu mkononi mwangu akauliza nani alimwosha. Yule mama wa upande wa pili hakuelewa swali. Akarudia kusema kwamba kulikuwa na maua mengi na askofu mwenyewe alikuja.

Tukakaa matanga bila mwili. Watu wa upande wa mke wangu, ambao ni Wapimbwe kama sisi, walikuja na wazo la kuviringisha mgomba kwenye shuka na kuuzika, ili mama mtu apate mahali pa kukaa na kulia. Paroko alikataa. Mimi nilikuwa katekista wake, nikasimama upande wake, nikawaeleza wazee kwamba mkristo hazikwi kwa mfano. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mtu wa maneno makali toka ujana wetu. Alinijibu mbele ya waombolezaji.

"Sawa, mwalimu. Wewe na vitabu vyako mmemwacha dada yangu bila hata kichuguu cha kulilia."



Miaka ikapita. Halafu ikaja simu nyingine, safari hii kutoka kwa sista kijana, Mtanzania mwenzetu wa kutoka Songea, aliyepelekwa kwenye nyumba ile baada ya binti yetu. Alianza kwa kuniambia, "Baba, kaa kwanza, halafu usishtuke." Akanieleza kwamba kule ardhi ya makaburi ni ndogo, na maiti anayezikwa udongoni hupewa miaka kumi tu. Ikiisha, kaburi hufunguliwa, mifupa hutolewa na kuoshwa, ikawekwa kwenye kisanduku cha bati, na kisanduku kikaingizwa kwenye ukuta wenye vishimo kama masanduku ya posta. Nafasi ya chini anapewa mwingine. Ndivyo wanavyofanyiana wenyewe, matajiri kwa maskini, na hakuna anayeona vibaya. Muda wa binti yetu ulikuwa umefika.

Nilipomweleza mke wangu aliacha kuchambua mboga.

"Wanamfukuza mpaka kaburini?"

Nikamwambia ndiyo desturi yao. Alilala na hasira hiyo. Kesho yake asubuhi, akiwa bado kitandani kwa sababu miguu yake imevimba na sukari haimwachi, aliniita akaniambia jambo ambalo naona alikuwa amelifikiria hadi mwisho.

"Kama wanamtoa, watupe sisi. Mifupa haina uzito. Nenda kamlete, baba, nimpokee kabla sijafa."

Basi hilo ndilo lililonipeleka Ulaya katika umri wangu huu. Shirika lilikubali, tena kwa upole, likanikatia tiketi. Jumuiya yetu ilinisindikiza kwa rozari. Shemeji alikwenda kijijini Mpimbwe na vijana wake, akasafisha mahali kando ya kaburi la mama yao mzazi, akang'oa visiki, akasema mvua zikikawia watachimba nikiwa njiani kurudi, maana udongo ule ukilowa unakuwa kama gundi. Mke wangu alinunua shuka jeupe pale mtaa wa Majengo, akampa fundi alipinde ncha zote, akalikunja mwenyewe kwenye begi langu.

Nilifika mwishoni mwa Oktoba. Ule mji umejengwa kwenye mwamba unaoteremkia baharini, nyumba zimepanda juu ya nyumba, za njano na nyekundu iliyopauka, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja asubiri. Nilitafuta watoto sikuwaona. Kawajense saa ya kutoka shule huwezi kupita na baiskeli bila kupiga kengele mpaka kidole kichoke. Kule nilipiga hatua mchana kweupe nikasikia viatu vyangu mwenyewe. Madirisha mengi yamefungwa, wenyewe wamehamia miji mikubwa. Waliobaki ni wazee kwenye viti, na wanaowainua kwenye viti hivyo ni wanawake waliotoka mbali, kama binti yangu.

Kwenye kuta za mji kulikuwa na mabango yenye picha za watu wazima, jina kwa herufi kubwa, na maneno machache chini. Nilimwuliza yule sista kijana uchaguzi ni lini, maana wagombea wote naona ni wazee. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, hao ni marehemu." Wanabandika matangazo ya vifo ukutani, na bango linakaa pale mpaka mvua ilichane au marehemu mwingine abandikwe juu yake. Nilicheka na mimi. Baadaye nikamwuliza kama na la binti yangu liliwahi kubandikwa. Akasema masista wa zamani walimwambia ndiyo, hapo kwenye kona ya bandari.

Nilikuwa nimefika siku zao za kuwakumbuka marehemu. Huko wanaziadhimisha kuliko tunavyoadhimisha sisi. Mji mzima unapanda makaburini na ndoo na brashi, wanasugua marumaru, wanafuta vumbi kwenye picha, wanaweka taa ndogo nyekundu na maua makubwa yanayochanua wakati wa baridi. Ukimpelekea mtu maua yale nyumbani kwake atakuchukia, maana ni ya wafu peke yao. Wanawake wanapika biskuti ngumu nyeupe wanazoziita mifupa ya wafu, na watoto wachache waliobaki wanazitafuna. Kisha wote wanateremka bandarini. Padre anapanda mashua moja na shada la maua, anakwenda nalo hadi maji marefu, analiacha hapo kwa ajili ya wavuvi ambao bahari haikuwarudisha. Nilisimama na ndugu zao. Wale hawana kaburi wala kisanduku, wana shada moja kwa mwaka, la kugawana wote. Nilimfikiria mke wangu, na nikajiona mwenye bahati kuliko wao.

Jioni ile sista kijana alinipeleka kwa ajuza mmoja, mjane wa mvuvi, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwa masista. Alitaka kumwona baba wa sista aliyekuwa akimwosha miguu. Tulipoingia nilikuta meza imetandikwa kitambaa cheupe, juu yake mkate mzima, jagi la maji, bilauri, na viti viwili vimesogezwa. Nikadhani anatungoja sisi, nikavuta kimoja nikae. Yule bibi alinipiga mkono kama unavyompiga mtoto anayechokonoa mboga jikoni. Sista akanieleza kwamba meza ni ya marehemu. Usiku huo wanarudi, wametembea njia ndefu, wana kiu. Kiti kimoja ni cha mume wake. Cha pili ni cha binti yangu.

Nimefundisha dini kwa maisha yangu yote. Waliotufundisha sisi walitoka nchi hiyo hiyo ya bibi huyu na za jirani yake, na walituambia tubomoe vijumba vya mizimu tulivyokuwa tunawekea unga na pombe. Tukabomoa. Nimewanyima komunyo watu wazima kwa ajili ya kibuyu kimoja cha mizimu. Sasa niko kwao, nimesimama mbele ya meza ya wafu, na msalaba uko ukutani juu yake. Kesho yake nilimwuliza paroko wa mji ule, mtu mwema kabisa, kama anajua. Alitabasamu, akasema ni desturi ya zamani ya watu wa pwani, haina ubaya, hata mama yake alikuwa akiifanya. Sikumjibu. Nilikuwa mgeni, na chakula nilichokula asubuhi ile kilikuwa chake.

Lakini kwa yule bibi nilijibu. Jioni ile, kabla hatujaondoka kwake, alinishika mkono wa koti akasema maneno mengi kwa haraka, na sista kijana akawa anasita kutafsiri. Nikamwambia atafsiri yote.

"Anasema usimchukue. Amesikia umekuja kumchukua. Anasema sista ni wa hapa, ukutani kuna nafasi karibu na mume wake, na yeye mwenyewe atamwashia taa. Anasema nyie kule mna wengi."

"Mwambie namshukuru kwa kiti," nilisema. "Na mwambie binti yangu ana mama."

Bibi alisikiliza tafsiri, akaachia koti langu.

Makaburi yalifunguliwa kwa kazi baada ya sikukuu kupita. Ni desturi ndugu wawepo, hivyo tulikuwa watatu: mimi, sista kijana, na mkuu wa nyumba aliyevaa buti za mpira chini ya vazi lake la kitawa. Mchimba kaburi alikuwa bwana wa makamo mwenye tumbo, anachimba huku anapiga mluzi, akinyamaza kila alipokumbuka mimi nani. Nilikuwa na shuka mkononi. Kisanduku cha bati kilikuwa pembeni juu ya toroli, kimeandikwa jina lake lote, na lile la utawa na lile nililomchagulia mimi.

Udongo ulikuwa mzito, wa mfinyanzi, unanata kwenye koleo. Nilitambua udongo wa namna ile bila kuambiwa. Jeneza lilipoonekana halikuwa limevunjika. Mchimbaji aliacha mluzi. Akashuka, akagonga mbao mara mbili kwa mpini, akainua upande mmoja wa kifuniko, akaangalia, akakirudisha taratibu. Akamwambia mkuu wa nyumba neno moja. Mkuu wa nyumba akafanya ishara ya msalaba.

"Anasemaje?" nikauliza.

Sista kijana alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Baba, anasema hajawa tayari."

Sikuelewa. Ilibidi nielezwe taratibu. Kuna udongo unaohifadhi maji, na kuna vitambaa visivyooza, kama vile vya viwandani wanavyoshonea mavazi ya watawa siku hizi. Mwili ukikaa humo, miaka kumi haitoshi. Binti yangu hakuwa mifupa. Na sheria ya kwao ni kwamba aliye hivyo haguswi na hasafirishwi kwenye kisanduku. Anahamishiwa sehemu nyingine ya makaburi, kwenye udongo mwepesi, anaachwa miaka mitano tena.

Yule bwana aliniona nimesimama na shuka, nadhani akataka kunichangamsha. Alisema kitu huku akijipangusa jasho. Sista akanitafsiria kwa sauti ndogo, kwa sababu nilimwambia tangu mwanzo asinifiche kitu: masista wote ni wabishi, hata huku chini.

Nilimwomba anifungulie nimwone. Mkuu wa nyumba alisema si vizuri, baba, mkumbuke alivyokuwa. Nikamwambia kwamba alivyokuwa ninakumbuka mimi kuliko mtu yeyote aliyesimama pale, ukimwondoa mama yake ambaye hayupo. Mchimbaji alielewa bila tafsiri. Aliinua kifuniko.

Nilichokiona nakiacha kwangu, isipokuwa haya: shela ilikuwa kichwani, na rozari ilikuwa imezungushwa mkononi. Nikashuka mwenyewe, yule bwana amenishika kwapa, nikamfunika kwa shuka la mama yake kutoka kichwani mpaka miguuni. Nikasali sala ya mazishi kwa Kiswahili, yote, bila kitabu. Waliisubiri mpaka mwisho, hata yule mchimbaji, kofia mkononi.

Alipokwisha kuhamishiwa kwenye udongo ule mwepesi, siku zilizobaki za viza yangu ziliishia ofisini. Mkuu wa nyumba alizunguka nami, na simlaumu. Tuliuliza kama anaweza kusafirishwa hivyo hivyo alivyo. Kila ofisi ilituelekeza kwenye nyingine: jeneza la zinki, vibali vya afya vya nchi mbili, ndege inayokubali, na mwisho wa yote shirika, ambalo lilisema kwa upole ule ule kwamba mambo hayo yamepita uwezo wake. Mtu mmoja wa manispaa alinishika bega akaniambia nirudi baada ya miaka mitano. Alisema kwa moyo mzuri. Kichwa changu chote ni cheupe na alikuwa anakiona.

Nilirudi Mpanda mvua zimeshaanza. Sikuwa nimemwambia mke wangu kwenye simu. Nilisema tu, nakuja, tutaongea. Nilimkuta barazani na shemeji na wanaume watano wa kijijini waliokuja kupokea mwili. Walikuwa wamechimba kabla udongo haujalowa. Wote walitazama mabegi yangu, wakatazama nyuma yangu kama kuna gari lingine, kisha wakanitazama mimi.

Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Shemeji alikuwa wa kwanza kupata sauti.

"Kwa hiyo, mwalimu, umepanda ndege mpaka Ulaya kwenda kuchungulia?"

"Nyamaza wewe," mke wangu alimwambia. "Mwache mwenzako anywe maji."

Aliniletea maji mwenyewe, kwa miguu ile. Wanaume wakatoka mmoja mmoja kwenda kuzungumza uani, maana kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, na ilibidi wapatane nani arudi kulifukia. Tulipobaki wawili akauliza kwa sauti ya chini.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Nani alimfunika?"

"Mimi. Kwa shuka lako."

Nilidhani atalia, nikasogea. Hakulia.

"Basi wewe umemzika," alisema. "Mimi bado."

Nimewafundisha watu ufufuko wa miili kwa ubao na chaki, na najua Mungu hapotezi mtu kwenye udongo wowote, mzito au mwepesi. Naliamini hilo zaidi ya ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Lakini mwanamke aliyekaa mbele yangu hakuniuliza habari za ufufuko. Alitaka mahali pa kukaa chini, nami nilienda mbali kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu nikarudi bila mahali hapo.

Pale kijijini, mahali walipofukia, shemeji amepanda mahindi. Hakuniuliza, na ningemjibu nini, ardhi iliyosafishwa haikai bure wakati wa masika.

Jioni tunasali rozari sisi wawili, mara nyingine na wajukuu. Mwishoni tunawaombea marehemu wetu kwa majina, na jina la binti yetu lilikuwa la kwanza kwenye orodha hiyo kwa miaka yote tangu simu ile. Tangu nirudi, mke wangu halitaji hapo. Anawamaliza marehemu wote, anapumzika kidogo, halafu tunapofika kwenye kuwaombea walio safarini ndipo analitaja, pamoja na mjukuu anayesoma Dodoma na jirani yetu dereva wa lori. Kwa mafundisho hilo si sahihi. Mimi ndiye ninayepaswa kumrekebisha, na kila jioni naitikia amina.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akupe kuwafunika wako kwa mikono yako, na akupe wa kukufunika wewe. Aliye mbali na kwao ambariki huko aliko, aliye na mama yake hai ampe muda wa kutosha, na anayengoja asichoke kungoja. Amina.